Mkataba wa Kabla ya Ndoa Nchini Kenya: Namna ya Kuuandika Ili Usimame Siku ya Kugawana Mali

Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inawaruhusu watu wanaokusudia kuoana kukubaliana mapema kuhusu haki zao za mali, na kifungu cha 7, ambacho ndicho kinachoongoza mgawanyo wa mali baada ya talaka, kimewekwa chini ya ruhusa hiyo. Palipo na mkataba halali, mahakama huanza na mkataba. Pasipo na mkataba, huanza na swali la nani alichangia nini. Hata hivyo, kifungu cha 6(4) kinampa kila mmoja nafasi ya kuiomba mahakama iutengue mkataba huo iwapo ulipatikana kwa ulaghai au kwa kushurutishwa, au iwapo dhuluma iliyomo ni dhahiri. Anayetaka mkataba wake usimame hana budi kuuandika huku akiyatazama mambo hayo matatu.

Kwanza, fahamuni hali itakavyokuwa msipoandika chochote. Mali ya ndoa kisheria ni nyumba ya familia, vyombo na samani zilizomo, pamoja na mali nyingine ambayo wanandoa wanaimiliki kwa pamoja na waliipata wakiwa katika ndoa. Kila mmoja hupata kulingana na mchango wake, na mchango si fedha peke yake: sheria inataja kazi za nyumbani, malezi ya watoto, usuhuba, usimamizi wa biashara au mali ya familia, na kazi ya shambani. Wengi bado wanaamini kwamba talaka huleta nusu kwa nusu, lakini Mahakama ya Juu iliamua Januari 2023 kwamba usawa unaotajwa katika ibara ya 45(3) ya Katiba haumpi yeyote nusu ya mali moja kwa moja, bali kila mmoja athibitishe mchango wake. Kuthibitisha miaka ya kupika, kufua na kulea ni kazi ngumu, kwa kuwa hakuna anayeandikiwa risiti ya kazi hizo. Kwa maoni yangu, anayeuhitaji mkataba zaidi ni yule atakayebaki nyumbani, ingawa kwa kawaida wazo hilo huletwa na mwenye mali.

Pili, orodhesheni mali na madeni yote ya kila upande, mkianza na ardhi kwa namba ya hati miliki, kisha magari kwa namba za usajili, akiba na hisa za SACCO, michango ya chama, biashara, na mikopo ambayo haijamalizwa kulipwa. Ploti iliyofichwa ndiyo silaha ya kwanza ya atakayedai baadaye kwamba alilaghaiwa. Deni la mtu la kabla ya ndoa linalohusu mali yake hubaki lake, lakini ni vyema kulitaja, hasa ikiwa mwenzake atasaidia kulilipa.

Tatu, amueni mali itakayobadilika mkiwa ndani ya ndoa itahesabiwaje. Hapa ndipo mikataba mingi inapokuwa mifupi kupita kiasi. Tuchukue mwanamume aliyenunua ploti Kitengela kabla ya harusi. Kifungu cha 5 kinasema kwamba mali iliyopatikana au kurithiwa kabla ya ndoa si mali ya ndoa, lakini kifungu hicho chenyewe kiko chini ya kifungu cha 6, ambacho kinaihesabu nyumba wanamoishi wanandoa kuwa mali ya ndoa. Isitoshe, kifungu cha 9 kinampa mwenzi haki katika mali isiyo ya ndoa kwa kadiri alivyochangia kuiboresha. Basi wawili hao wakijenga nyumba juu ya ploti hiyo, mke akilipa mafundi na mabati kwa mkopo wa SACCO yake, sentensi isemayo tu kwamba “ploti ni ya mume” itawapeleka mahakamani bila jibu. Afadhali iandikwe hivi: “Ardhi itabaki mali ya mume, nyumba yoyote itakayojengwa juu yake wakati wa ndoa itakuwa ya wote wawili kwa mafungu sawa, bila kujali ni nani aliyelipia ujenzi, na ndoa ikivunjika, mume atakuwa na haki ya kwanza ya kulinunua fungu la mke kwa bei itakayowekwa na mthamini aliyekubaliwa na pande zote mbili.”

Nne, jihadharini na namna mnavyotia saini. Kila mmoja awe na wakili wake, kwa sababu wakili mmoja aliyelipwa na upande mmoja humpa mwingine hoja ya kwamba hakupata ushauri. Rasimu itolewe miezi kadhaa kabla ya harusi, kwani karatasi inayoletwa mezani wakati kadi za mwaliko zimekwisha kusambazwa inanuka shuruti. Anayesoma Kiswahili vizuri kuliko Kiingereza apewe nakala ya Kiswahili, na hilo litajwe ndani ya mkataba.

Tano, wekeni kifungu cha kupitia upya masharti mtoto anapozaliwa, mmoja anapoacha kazi, au mali inapoongezeka sana. Mkataba usiomwachia mke aliyelea watoto miaka mingi hata kijiko ndio hasa unaokaribisha hoja ya dhuluma dhahiri. Marekebisho hayo nayo yaandikwe na wakili, maana sheria inataja makubaliano yaliyofanywa kabla ya ndoa tu, na yale ya baadaye hayana kinga ileile.

Msitumie mkataba huu kuamua malezi au matunzo ya watoto. Ibara ya 53 ya Katiba inaweka maslahi ya mtoto mbele, na makubaliano ya wazazi hayaifungi mahakama. Wala hauchukui nafasi ya wosia. Kwa Waislamu, kifungu cha 3 kinawaruhusu kufuata sheria ya Kiislamu katika mambo ya mali ya ndoa, kwa hiyo wanaokusudia kufanya hivyo waseme waziwazi katika mkataba, baada ya kushauriana na mtu anayeifahamu sheria hiyo.

Talaka ikitokea, anayetaka haki yake itamkwe hufungua kesi chini ya kifungu cha 17, akiambatisha mkataba na hati za mali kwenye kiapo chake. Anayeupinga ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha ulaghai, shuruti au dhuluma, na mahakama itataka kuona mambo mahususi: tarehe ya rasimu, barua za mawakili, orodha ya mali. Kwa sababu hiyo kila mmoja ahifadhi nakala asili yenye saini zote, na nyingine ibaki kwa wakili.