SOMO: Kumpata jike anayesambaza nimonia kwenye kundi la kondoo mwitu

Kondoo pembe-kubwa wa Hells Canyon, mpakani mwa majimbo ya Idaho, Oregon na Washington nchini Marekani, wanasumbuliwa na Mycoplasma ovipneumoniae, kijidudu kinachotoka kwa kondoo na mbuzi wa kufugwa. Kikiingia kundini mara ya kwanza, hufa wakubwa kwa wadogo. Baadaye wakubwa hutulia, lakini wana-kondoo huendelea kufa mwaka hadi mwaka, wengi wakiwa na umri wa mwezi mmoja hadi mitatu. Mara nyingi chanzo ni majike wachache wanaokaa na kijidudu puani bila dalili kubwa.

Hatua ya 1: Kamata jike wakati wa baridi. Mfunge macho na miguu, mkalishe kwa kifua ili asicheue na kupaliwa. Pima joto mara kwa mara. Likifika 41°C, mmwagie maji, na lisiposhuka mwachie.

Hatua ya 2: Ingiza kijiti cha pamba ndani kabisa ya pua, zungusha taratibu, kisha pua ya pili. Hapa ndipo kazi huharibika: ukifuta mlangoni tu, mgonjwa atasomeka mzima. Badili glavu kwa kila mnyama. Sampuli ikae kwenye baridi hadi maabara.

Hatua ya 3: Chukua na damu. PCR ya pua, yaani kipimo kinachotafuta vinasaba vya kijidudu, inaonyesha kijidudu kipo sasa. Kingamwili za damu zinaonyesha tu kwamba aliwahi kukutana nacho. Tafadhali usimwondoe jike kwa majibu ya damu peke yake, utamaliza waliokwisha kupona.

Hatua ya 4: Mvishe hereni na kola ya redio, umpime tena msimu unaofuata. Anayerudia kuwa na kijidudu ndiye wa kuondolewa.

MASWALI

Daktari, kwa nini tusiwadunge penisilini?
Haifanyi kazi, ndugu. Penisilini hushambulia ukuta wa seli, na mycoplasma haina ukuta huo.

Mbona mapafu ya waliokufa hukutwa na bakteria wa Pasteurella na Mannheimia?
Mycoplasma hulemaza vinyweleo vinavyosukuma makohozi nje ya njia ya hewa. Vikishalala, bakteria wa kooni hushuka mapafuni. Ukipima mzoga wa siku nyingi utawaona hao tu, umkose aliyefungua mlango.

Ndiyo ile homa ya mapafu ya mbuzi ya kwetu?
Hapana. Ile huletwa na Mycoplasma capricolum, jamii ndogo ya capripneumoniae. Ukiagiza kipimo, andika jina kamili la kijidudu.