Koliflawa na karoti za kuoka zenye pilipili, zisizotoka zimelowa

Mboga za kuoka zikitoka zimelegea na kupauka, mara nyingi mpishi huongeza viungo. Tatizo haliko kwenye viungo, liko kwenye maji, ndiyo maana hatua ya tatu hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

Kwa watu wanne: koliflawa moja (gramu 700 hivi baada ya kutoa majani), karoti gramu 300, mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 3, chumvi kijiko 1 cha chai, binzari nyembamba nzima kijiko 1 cha chai, giligilani ya unga kijiko 1 cha chai, manjano robo kijiko, pilipili ya unga nusu kijiko, kitunguu saumu punje 3, asali kijiko 1 cha chai na limau nusu.

Hatua ya 1: Oveni na trei

Washa oveni nyuzi 220 za Selsiasi, au 200 kama ina feni, trei zikiwa ndani tangu mwanzo. Tumia trei mbili za chuma kizito. Trei ya kioo hupata moto polepole, na nyembamba hujikunja kwa joto hili, mafuta yote yakakimbilia kona moja. Taa ikionyesha joto limefika, ongeza dakika 10, maana hewa hupata moto kabla ya kuta.

Hatua ya 2: Kukata

Koliflawa ikishaoshwa na kuchujwa maji kama ilivyoelezwa katika hatua ya 3, igawe vishada vya sentimita 4, kisha pasua kila kishada katikati kipate upande bapa. Upande huo ndio utakaolala kwenye chuma na kushika rangi. Karoti zikate mshazari, unene wa sentimita 1 na si zaidi, kwa kuwa ni ngumu kuliko koliflawa na zikiwa nene zitabaki mbichi katikati.

Hatua ya 3: Kukausha

Maji huchemka kwa nyuzi 100. Uso wa mboga ukiwa bado na maji haupandi sana kupita hapo, hata oveni iwe na moto kiasi gani. Rangi ya kahawia, pamoja na ile ladha tamu ya kuokwa, huhitaji uso ufike nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo kila tone unaloliacha linakula dakika za oveni, na ndani ya dakika hizo mboga inaiva kwa mvuke na kulegea.

Koliflawa ndiyo msumbufu, kwa sababu huficha maji katikati ya vishada. Kuikung'uta hakutoshi. Ioshe mapema ikiwa nzima, iinamishe kichwa chini kwenye chujio kwa nusu saa, ndipo uikate. Tandaza vipande juu ya kitambaa kikavu, funika kwa kingine, bonyeza kwa viganja. Kisha pitisha kidole kwenye maungio ya vishada: kikitoka na unyevu, badilisha kitambaa urudie. Karoti kuzifuta kunatosha.

Hata mboga iliyokauka vizuri inaweza kuharibikia hapa kwa njia mbili. Ya kwanza ni chumvi. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya mboga, kwa hiyo ukiitia halafu ukaacha bakuli likae dakika 20, utakuta dimbwi chini. Itie mboga zikiwa zinakwenda motoni. Ya pili ni msongamano. Vipande vikigusana, mvuke wa kimoja hulowesha jirani yake. Kilo moja kwenye trei moja ya sentimita 30 kwa 40 ni nyingi mno. Mwenye trei moja aoke kwa awamu mbili.

Karatasi ya kuokea hurahisisha usafi lakini hupunguza rangi, na nyingi hazivumilii zaidi ya nyuzi 220, kwa hiyo soma pakiti. Chuma kitupu kilichopakwa mafuta ni bora zaidi. Usifunike kwa foili kamwe.

Hatua ya 4: Viungo vya mwanzo

Changanya mboga na mafuta vijiko viwili, binzari nyembamba, giligilani na manjano, kisha chumvi. Pilipili, kitunguu saumu na asali bado. Vitatu hivyo huungua kabla mboga haijaiva: pilipili ya unga hugeuka chungu na moshi wake hukaba koo, na kitunguu saumu huwa cheusi. Vikoroge kwenye kijiko cha mafuta kilichobaki, kitunguu saumu kikiwa kimesagwa, viweke kando. Ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji, hivyo mchanganyiko huu huusambaza sawasawa kuliko kunyunyiza unga mkavu.

Hatua ya 5: Kuoka

Mwaga mboga kwenye trei za moto, usikie zinachachatika. Laza kila kishada kwenye upande bapa. Oka dakika 20 bila kufungua mlango.

Rudisha mboga kwenye bakuli, zigeuze pamoja na mchanganyiko wa pilipili, zitandaze tena. Badilisha trei nafasi, ya juu iende chini. Punguza moto kwa nyuzi 20, oka dakika 6 hadi 8. Baada ya dakika ya tano simama karibu, maana asali huungua ghafla. Ziko tayari kingo zikiwa kahawia iliyokolea na kisu kikipenya karoti bila nguvu.

Hatua ya 6: Limau

Kamulia nje ya oveni. Likitiwa mwanzoni huongeza maji, na tindikali yake huzuia mboga kulainika.

Kiporo hukaa kwenye friji siku 3. Kipashe kwa oveni nyuzi 200, dakika 8. Kwenye maikrowevu kitalowa upya.