Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Vipuri vya Kompyuta ya Kwanza ya Gemu

Wengi wetu tunaotaka kujiundia kompyuta ya gemu hatununui vipuri vyote siku moja. Mshahara wa mwezi huu unanunua kasha, wa mwezi ujao pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme kwa vipuri), kisha anatafutwa ndugu anayerudi kutoka Dubai abebe kadi ya michoro, ile inayochora picha za gemu. Utaratibu huo hauna ubaya, mradi orodha nzima, kuanzia prosesa, yaani ubongo wa mashine, hadi waya wa monita, iwe imeandikwa na kukaguliwa kabla ya shilingi ya kwanza kutoka mfukoni. Kila kipuri kinachonunuliwa kinaamua ni vipi vingine vitakavyokubali kufanya kazi nacho, na muuzaji wa leo hana habari ya ulichonunua kwa mwenzake mwezi uliopita.

Uamuzi wa kwanza unahusu vitu vitatu ambavyo havitenganishwi: prosesa, ubao mama (ambao vipuri vyote huunganishwa nao) na RAM (kumbukumbu ya muda). Prosesa hukaa kwenye soketi ya ubao mama, na soketi hiyo hupokea jamii maalumu ya prosesa tu. Kwa upande wa AMD, mmoja wa watengenezaji wawili wakubwa wa prosesa, soketi ya AM4 iliyoanza mwaka 2016 hutumia RAM ya aina ya DDR4, na AM5 iliyotoka mwaka 2022 hutumia aina mpya zaidi, DDR5, peke yake. Kwa upande wa Intel, mtengenezaji wa pili, soketi ya LGA1700 iliyokuja mwishoni mwa 2021 hupokea prosesa za kizazi cha 12, 13 na 14, ilhali prosesa za Core Ultra 200S za mwaka 2024 zinahitaji LGA1851 na DDR5. Hapo kwenye LGA1700 ndipo wanunuzi wengi wanapojikwaa, kwa kuwa zipo mbao mama za soketi hiyo zinazotumia DDR4 na nyingine zinazotumia DDR5, zenye majina yanayokaribia kufanana kabisa. Mara nyingine tofauti pekee juu ya boksi ni alama ya D4 mwishoni mwa jina. Vijiti vya RAM vya aina zote mbili vina urefu mmoja na pini 288, isipokuwa ule mkato mdogo kwenye ukingo wa pini umesogezwa milimita chache. Kijiti kikigoma kuingia kwenye tundu lake, kitoe na ulinganishe mkato na kizibo kilichomo ndani ya tundu, wala usikisukume kwa nguvu ya kidole gumba.

Kufanana kwa soketi peke yake hakutoshi. Ubao mama huongozwa na programu ndogo iitwayo BIOS, na BIOS isiyoijua prosesa yako haitaiwasha hata kama imekaa sawasawa. Ubao wa B450, uliotoka mwaka 2018, unaweza kuendesha prosesa ya AMD iitwayo Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022, lakini ukiwa umekaa dukani na BIOS yake ya zamani, utakachokiona ni feni zinazozunguka na skrini nyeusi. Hali ni hiyo hiyo kwa ubao wa B660 ulioundwa wakati wa kizazi cha 12 ukipewa prosesa ya kizazi cha 14, na kwa B650 ya mwanzo ikipewa Ryzen ya mfululizo wa 9000. Kinyume chake pia hutokea: B550 ni mpya kuliko B450, lakini haikuandaliwa kwa ajili ya Ryzen za mfululizo wa 1000 na 2000. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa ubao huo kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta orodha ya prosesa zinazokubaliwa, na unakili namba ya toleo la BIOS iliyoandikwa mbele ya prosesa yako. Baadhi ya mbao mama zina kitufe nyuma kinachowezesha kuweka BIOS mpya kwa flashi bila hata prosesa kuwepo. Kama ubao wako hauna kitufe hicho, mwombe fundi wa duka aisasishe BIOS ukiwa hapo hapo, kwani ukishafika nyumbani utalazimika kuazima prosesa ya zamani ili tu kompyuta iwake.

Herufi iliyo mwishoni mwa jina la prosesa nayo isipuuzwe. Prosesa ya Intel yenye herufi F haina michoro ya ndani, yaani uwezo wa kutoa picha bila kadi ya michoro, na Ryzen 5 5600 haina pia, ilhali 5600G inayo. Prosesa nyingi za Ryzen 7000 za kompyuta ya mezani zina michoro midogo ya kutosha kuonyesha picha kwenye monita, isipokuwa zile za F kama 7500F. Kwa anayenunua kidogo kidogo, hili ni jambo kubwa: prosesa yenye michoro ya ndani inamwezesha kuwasha na kujaribu mashine nzima miezi kadhaa kabla kadi ya michoro haijapatikana, wakati dhamana ya vipuri vingine ingali hai. Hata hivyo, 5600G ina kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 16 badala ya MB 32 za 5600, na hutumia PCIe (njia inayounganisha prosesa na kadi ya michoro) ya toleo la tatu badala ya la nne, kwa hiyo siku kadi ya michoro itakapofika, 5600G itakuwa nyuma kidogo ya 5600. Mtu mwenye uhakika wa kupata kadi ndani ya wiki chache achukue 5600. Asiye na uhakika huo hatajuta kuchukua 5600G.

Kwenye RAM, nunua vijiti viwili vinavyofanana, GB 8 na GB 8, badala ya kijiti kimoja cha GB 16, ili prosesa isome kupitia njia mbili kwa pamoja. Kwenye ubao wenye matundu manne, vijiti viwili huwekwa kwenye tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka upande wa prosesa. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi haiji yenyewe: DDR4 ya 3200 inaweza kuanza kwa 2133 au 2666 mpaka uingie kwenye BIOS na kuwasha mpangilio uitwao XMP, au EXPO kwa DDR5 za mashine za AMD. Jihadhari pia na vijiti vya bei ya chee vilivyotolewa kwenye seva; vile vya aina ya RDIMM havifanyi kazi kwenye mbao mama za kawaida, hata vikiwa vimeandikwa DDR4.

Pawa saplai ndicho kipuri ambacho watu hukibania pesa kuliko vyote, na ndicho kinachoweza kuunguza vingine vyote. Anza na hesabu. Chukua mfano wa Ryzen 5 5600, ambayo kikomo chake cha kawaida cha umeme ni wati 76, pamoja na kadi ya RX 6600 yenye wati 132. Ukiongeza ubao mama, RAM, SSD (diski ya kuhifadhia) na feni, mashine nzima bado haifiki wati 300, kwa hiyo pawa saplai nzuri ya wati 500 au 550 inatosha na kubakiza nafasi. Kadi ya RTX 4060 hutumia wati 115, na mtengenezaji wake, NVIDIA, yeye mwenyewe inapendekeza pawa saplai ya wati 550. Swali lenye uzito zaidi ni kama hizo wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa zipo kweli. Geuza pawa saplai, soma jedwali lililobandikwa ubavuni, utafute mstari wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi ya michoro hula umeme wa mstari huo. Ampea 45 mara volti 12 ni wati 540, na hiyo ni pawa saplai ya wati 550 inayosema ukweli. Ukikuta imeandikwa 600W lakini mstari wa volti 12 una ampea 25, ujue unachoweza kutegemea ni wati 300, nawe uirudishe kwenye rafu. Nembo ya 80 Plus inaeleza ni kiasi gani cha umeme wa ukutani kinachofika kwenye vipuri bila kupotea kama joto. Ni dalili njema, ila haichukui nafasi ya kusoma jedwali lile.

Kisha hesabu plagi. Ubao mama unahitaji plagi kubwa ya pini 24 na nyingine ya pini 8 karibu na prosesa. Tundu la kadi ya michoro kwenye ubao hutoa wati 75, plagi ya pini 6 huongeza wati 75, na ya pini 8 huongeza 150. Plagi ya pini 8 ya prosesa na ile ya kadi ya michoro hufanana kwa macho, lakini chanya na hasi zake zimepangwa kinyume: ya prosesa hugawanyika nne kwa nne, ya kadi sita kwa mbili. Kama pawa saplai yako ni ya nyaya za kuchomoa, tumia nyaya zilizokuja nayo peke yake. Plagi za upande wa pawa saplai hazina mpangilio mmoja kwa makampuni yote, na waya wa kampuni nyingine unaweza kuingia vizuri kabisa kisha ukapeleka volti 12 mahali palipostahili volti 5.

Umeme wa kwetu nao una masharti yake. Kenya hutumia volti 240 na Tanzania 230, zote kwa hezi 50, na pawa saplai nyingi za kisasa hupokea kuanzia volti 100 hadi 240 bila kubadilishwa chochote. Zile za zamani zenye swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230 zikaguliwe kabla ya kuchomekwa, hasa zikitoka Marekani, maana swichi ikiachwa kwenye 115 pawa saplai itaungua papo hapo. Ukinunua UPS (betri inayoshika umeme ukikatika), angalia wati wala si VA (volti-ampea): UPS ya VA 650 mara nyingi hutoa wati zisizofika 400, na kazi yake ni kukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima mashine kwa utaratibu.

Njia inayowavutia wengi, kuanzia Luthuli Avenue ya Nairobi hadi Kariakoo ya Dar es Salaam, ni kuchukua kompyuta ya ofisi iliyotumika Ulaya, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, na kuipachika kadi ya michoro. Inafaa kwa gemu nyepesi, mradi ujue kwamba katika matoleo mengi plagi ya umeme ya ubao mama si ile ya pini 24, hivyo pawa saplai ya kawaida haiingii bila adapta. Zile nyembamba hupokea kadi fupi za nusu urefu tu, na pawa saplai zake ndogo huwa hazina waya wa kadi ya michoro. Kasha na ubao wake pia havitahamia kirahisi kwenye mashine nyingine baadaye.

Kasha jipya hupimwa kwa milimita. Ubao wa ATX ni 305 kwa 244, micro-ATX ni 244 kwa 244, na Mini-ITX ni 170 kwa 170. Baada ya hapo linganisha urefu wa kadi ya michoro na nafasi iliyotajwa na mtengenezaji wa kasha, kisha kimo cha kipoozaji cha prosesa, kwani vile virefu vya mnara hufika milimita 155 hadi 160 na makasha membamba hayavipokei. Kwa anayeishi Dar es Salaam au Mombasa, kasha lenye wavu mbele linafaa zaidi kuliko lenye kioo kitupu, hata kama la kioo linapendeza zaidi mezani. Kipoozaji kilichotengenezwa kwa LGA1200 hakikai kwenye LGA1700 bila vishikizo vipya, kwa kuwa matundu ya skrubu yamehama kutoka milimita 75 hadi 78.

SSD ya M.2 yenye alama 2280 ina upana wa milimita 22 na urefu wa 80, lakini umbo hilo hubeba aina mbili, SATA na NVMe yenye kasi zaidi, na si kila tundu hupokea zote mbili. Kitabu cha ubao mama hueleza pia kama kujaza tundu fulani la M.2 kunazima mlango mmoja wa SATA. Kwa mfumo endeshi, kumbuka kwamba huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (kijenzi cha usalama) pamoja na prosesa ya kuanzia Intel kizazi cha 8 au Ryzen 2000. Anayecheza gemu ya Valorant kwenye Windows 11 atalazimika kuwasha TPM na Secure Boot (ulinzi wa mashine inapowaka) kwenye BIOS.

Kadi ya michoro iliyotumika inunuliwe ikiwa inafanya kazi mbele ya macho yako. Zimezagaa kadi za zamani, kama GTX 550 Ti, zilizobadilishwa programu ya ndani zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z hutambua nyingi za aina hiyo, na gemu ikiendeshwa kwa nusu saa itafichua joto kupita kiasi na feni zilizochoka.

Kuhusu mpangilio wa kununua, kasha na monita vinaweza kutangulia kwa sababu havizeeki haraka na monita hupimwa peke yake. Prosesa, ubao mama, RAM na pawa saplai vinunuliwe kwa kukaribiana, ikiwezekana wiki moja, kwa kuwa dhamana huanza kuhesabiwa siku ya risiti na hakuna hata kimoja kati ya hivyo unachoweza kukijaribu ipasavyo bila vingine. Kadi ya michoro iwe ya mwisho. Ikiletwa na ndugu kutoka nje, muulize muuzaji kabla ya kulipa kama dhamana yake inaheshimiwa katika nchi unayoishi, risiti iandikwe namba ya kadi yenyewe, na boksi lihifadhiwe mpaka dhamana iishe.