Safari ya Mbali Hupangwa Kuanzia Njia ya Kurudi

Anayepanga kwenda mahali asipopajua kwa kawaida hujiuliza kwanza atafikaje. Ni afadhali aanze na swali jingine: atatokaje huko, na njia ikifungika ataweza kusubiri siku ngapi? Chukua Tristan da Cunha, kisiwa cha Atlantiki ya Kusini kisicho na uwanja wa ndege. Meli kutoka Cape Town huchukua takriban wiki moja, kibali cha serikali ya kisiwa hutakiwa mapema, na mawimbi yakichafuka abiria huweza kukaa siku kadhaa melini huku nchi kavu wakiiona kwa macho. Kwa hiyo usikate tiketi ya ndege ya kurudi nyumbani kutoka Cape Town kwa siku inayofuata ile ambayo meli inatarajiwa kufika huko. Acha nafasi ya wiki nzima, au lipia zaidi upate tiketi inayokubali kubadilishwa tarehe.

Kuhusu hati za safari hakuna mengi ya kueleza. Hakikisha pasipoti ina angalau miezi 6 kabla ya kuisha, na ikiwa unahitaji chanjo ya homa ya manjano, ipate siku 10 au zaidi kabla ya kuingia nchi inayodai cheti chake.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni mwinuko, yaani urefu wa mahali juu ya usawa wa bahari, na hapa wenye mazoezi ya mwili hujidanganya, kwani nguvu za miguu hazimkingi mtu na upungufu wa oksijeni. Ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku 3 au 4 pumzika siku nzima. Kinachohesabiwa ni mahali unapolala. Mchana unaweza kupanda juu zaidi, mradi urudi chini jioni. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, usiendelee kupanda. Mwenzako akianza kuyumba kama mlevi au kuropoka, mteremshe mara moja, hata kama ni usiku wa manane.

Soma pia mkataba wa bima hadi mwisho, maana baadhi hazilipii uokoaji wa helikopta kupita mwinuko fulani. Kisha andika kwenye karatasi njia utakayopita, namba ya bima, na siku na saa ambayo, usiposikika, msaada uitwe. Mwachie karatasi hiyo mtu ambaye hupokea simu hata usiku.