Somo: Kushusha Sukari na Uzito Bila Kuyakimbia Matoke

Wiki hii pekee nimeulizwa mara tano kama mtu mwenye kisukari anaruhusiwa kula matoke, kwa hiyo naandika jibu lote hapa, ili atakayeuliza tena nimwelekeze asome. Mimi si daktari. Nina kisukari cha aina ya pili, nahudhuria kliniki hapa Kampala, na kwa utaratibu huu nimetoka kilo 94 hadi 83 katika miezi minane.

Hatua ya kwanza: acha sukari ya kunywa, yaani soda, chai ya vijiko vitatu, na hata juisi uliyoisaga mwenyewe. Soda ya nusu lita hubeba takribani gramu 50 za sukari, sawa na vijiko vya chai 12.

Hatua ya pili: pima asubuhi kabla hujala chochote, uandike daftarini. Mashine ikionyesha namba kama 126, inasoma kwa miligramu; gawanya kwa 18 upate 7.0 kwa milimoli, kipimo ninachotumia hapa chini; hicho ndicho kiwango ambacho madaktari huanzia kukiita kisukari kwa mtu aliyeshinda usiku bila kula.

Hatua ya tatu: igawe sahani. Nusu iwe mboga kama dodo (mchicha), nakati au kabichi. Robo iwe maharagwe, samaki, mukene (dagaa) au kuku. Robo iliyobaki ndiyo ya wanga, kama matoke, wali au viazi. Waganda huuita wanga emmere, yaani chakula chenyewe, na vingine vyote huwa enva, kitoweo tu cha kuuteremshia. Ndiyo maana sahani hii huonekana kama matusi mbele ya mama mkwe. Mchuzi wa karanga haupandishi sukari sana, lakini una mafuta mengi, na bakuli nililokuwa nikilimaliza kila jioni ndilo lililokuwa likiuzuia uzito wangu kushuka.

Hatua ya nne, ambayo ningepaswa kuitanguliza, inahusu dawa. Nilipoanza nilikuwa natumia glibenklamidi, vidonge vya kushusha sukari, na kwa pupa nikaondoa wanga wote asubuhi na jioni huku nikimeza vidonge kama kawaida. Siku ya tatu, nikiwa ndani ya teksi kutoka Ntinda, jasho lilinitoka hadi gauni likanata kitini, na kondakta aliponidai nauli sikuweza kuzihesabu sarafu zilizokuwa kiganjani mwangu. Mama mmoja mwenye kikapu alinipa kipande cha muwa. Nilipofika nyumbani, tayari nimeutafuna wote, mashine bado ilisoma 3.4. Glibenklamidi, glimepiridi na insulini huendelea kuishusha sukari hata usipokula. Metformini peke yake ni nadra kufanya hivyo. Basi, kabla hujapunguza wanga, peleka daftari lako kliniki wakupangie kipimo cha dawa, wala usijipunguzie mwenyewe. Beba sukari mfukoni: ukisoma chini ya 4.0, koroga vijiko vya chai vinne katika maji, unywe, subiri dakika 15, upime tena. Aliyezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Hatua ya tano: tembea dakika 10 hadi 15 baada ya mlo.

MASWALI

Mwanachama, Jinja: Kwa hiyo matoke ni ruhusa au marufuku?
Jibu: Soma hatua ya tatu.

Mwanachama, Mbale: Dada, nimefuata. Robo ya matoke, robo ya wali, robo ya viazi, na sukari haishuki.
Jibu: Hizo ni robo tatu za wanga, kaka. Robo ni moja, na vyote vinagawana humo.

Mwanachama, Masaka: Shangazi yangu aliacha vidonge, anakunywa mwarobaini, na yu mzima. Wewe unatutisha bure.
Jibu: Nimeeleza yaliyonipata, sikumtisha mtu. Muulize shangazi mara ya mwisho alipima lini.

Mwanachama, Arua: Dada, nimepima saa mbili baada ya kula. Uji wa ulezi umenipandisha kuliko matoke, ilhali ulezi husifiwa sana. Kwa nini?
Jibu: Umefanya vyema kupima badala ya kubishana. Nafaka iliyosagwa laini ikanywewa kama uji humeng'enywa haraka, hata iwe ya kusifiwa vipi, na kikombe kikubwa huteremka bila mtu kuhisi ameshiba. Matoke mabichi yaliyopikwa hayajageuza wanga wake kuwa sukari kama ndizi mbivu, ingawa yakizidi sahani nayo yatakupandisha. Jaribu pia kuanza na mboga na maharagwe, ukamalizia na wanga. Chakula kilekile, kiasi kilekile, lakini namba yangu haipandi kama hapo awali.

Mwanachama, Arua: Asante. Asubuhi nyingine nilisoma 16 kabla ya kula, bila dalili yoyote.
Jibu: Ulikuwa umeshika tunda?

Mwanachama, Arua: Nilikuwa nimewamenyea watoto embe!
Jibu: Nawa kwa sabuni, ujikaushe, upime upya.

Mwanachama, Arua: Nimerudia leo kwa makusudi. Kidole chenye embe 14, kidole kilichonawishwa 6.4.

Mwanachama, Busia: Nanyi mlifunge kopo la vibanzi vya kupimia mara tu mnapotoa kimoja, unyevu ulinihar­ibia kopo zima msimu wa mvua.