Somo: Kuanza Kupeleka Fimbo Nyuma, na Wazo Moja la Kubeba Kichwani

Somo hili linahusu sehemu fupi mno ya pigo la gofu: tangu kichwa cha fimbo kinapoachana na mpira hadi fimbo inapolala sambamba na ardhi, usawa wa kiuno. Maelezo ni ya anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande. Kosa linalozaliwa hapa huulazimu mwili ulisahihishe wakati fimbo inarudi kwa kasi, na usahihishaji wa namna hiyo leo hukubali, kesho hukataa.

Hatua ya kwanza: usigande. Mchezaji anayekaa kimya kwa muda mrefu juu ya mpira hukakamaa mikono, na mikono iliyokakamaa huinyakua fimbo badala ya kuipeleka. Ichezeshe fimbo kidogo mara moja au mbili, huku uzito ukihama taratibu baina ya miguu. Ben Hogan, bingwa wa gofu wa Marekani, aliuchukulia mchezesho huo kuwa jaribio dogo la pigo lenyewe, wala si pambo.

Hatua ya pili: chagua ishara ya kuanzia. Mwili huanza vizuri zaidi ukitoka kwenye mwendo kuliko ukitoka kwenye utulivu kamili. Gary Player wa Afrika Kusini alikuwa akiingiza goti la kulia kidogo kuelekea lengo. Jack Nicklaus wa Marekani aligeuza kidevu upande wa kulia. Ishara yoyote itafaa, mradi iwe ndogo na iwe ileile kila mara.

Hatua ya tatu: ondoka kwa pamoja. Mabega, mikono na fimbo vianze kwa wakati mmoja, ile pembetatu ya mabega na mikono ikibaki na umbo lake, na kichwa cha fimbo kikipita chini bila kulazimishwa. Hapa wengi huambiwa wakivute kichwa cha fimbo moja kwa moja nyuma kwa mstari ulionyooka. Sikubaliani na agizo hilo likichukuliwa kwa ukali, kwa sababu mwili unazunguka, na kwa hiyo kichwa cha fimbo lazima kipinde kidogo kuja ndani. Anayeng'ang'ania mstari huishia kuitenga mikono na kifua.

Hatua ya nne: kagua. Weka simu nyuma yako, usawa wa mikono, ikitazama upande wa lengo, kisha simamisha picha pale fimbo inapolala sambamba na ardhi. Fimbo iwe sambamba pia na mstari wa vidole vya miguu, na kichwa chake kiifunike mikono au kiwe nje yake kidogo. Ukingo wa uso wa fimbo, yaani upande unaogonga mpira, uiname karibu sawa na uti wa mgongo wako. Uso ukitazama juu angani, umefunguka, na mpira utaelekea kupinda kulia. Ukitazama chini kabisa, umefungwa.

Hayo yote ni ya uwanja wa mazoezi. Ukiwa kwenye mchezo, beba wazo moja tu, na uliteue kwa makini. Tafiti za ujifunzaji wa miondoko, zikiwemo za Gabriele Wulf, zimeonyesha kwamba wanaojifunza gofu hulenga vizuri zaidi wakiuelekeza umakini kwenye mwendo wa fimbo kuliko kwenye mwendo wa mikono yao. Hivyo "kichwa cha fimbo kipite chini" ni bora kuliko "mkono wa kushoto unyooke". Wazo liseme la kufanya, si la kuepuka: anayejiambia asinyanyue kichwa tayari anakifikiria kichwa kinachonyanyuka.

Mdundo nao ni wazo zuri, hasa siku ya wasiwasi. Kwa wachezaji wa kulipwa, kupeleka fimbo nyuma huchukua takriban mara 3 ya muda wa kuishusha hadi kwenye mpira. Hesabu upesi na kwa usawa: "moja" fimbo ikianza, "nne" ikifika juu, "tano" ikigonga.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kwa aini fupi (fimbo za chuma) ninafanikiwa, ila nikishika draiva (fimbo ndefu ya mapigo ya mbali) fimbo huingia nyuma yangu mapema. Kwa nini?

Jibu: Draiva ni ndefu na unasimama mbali zaidi na mpira, kwa hiyo njia yake ni ya kulala na itaingia ndani kuliko aini. Tatizo lipo ikiwa kichwa cha fimbo kinajificha nyuma ya mikono, dalili kwamba umezungusha vifundo vya mikono badala ya mabega. Weka mpira wa pili nyuma tu ya kichwa cha fimbo, kisha anza polepole ukiusukuma kwenda nyuma. Ukiukosa, vifundo vimetangulia.

Swali: Kuna wakati nasimama juu ya mpira na fimbo haitaki kuanza kabisa. Nifanyeje?

Jibu: Ondoka, uanze maandalizi upya. Kanuni hulitafsiri pigo kuwa mwendo wa fimbo kwenda mbele kwa nia ya kuugonga mpira, kwa hiyo hata ukisita fimbo ikiwa inaelekea nyuma hujahesabiwa kitu. Tangu mwaka 2019 Kanuni zinapendekeza pigo lipigwe ndani ya sekunde 40. Muda huo unatosha kurudi nyuma mara moja. Kisha fungamanisha ishara yako na macho: yakirejea kwenye mpira kutoka kwenye lengo, goti au kidevu kifuate papo hapo.

Swali: Wazo lililonisaidia sana wiki iliyopita sasa linaniharibia. Nilitupe?

Jibu: Liweke kando kwanza. Kwa kawaida wazo hufaulu kwa kuwa linasahihisha kasoro fulani, na ukiendelea kulitii baada ya kasoro kuisha, unavuka mpaka na kuzaa kasoro ya upande wa pili. Rudi kwenye picha ya hatua ya nne. Ikiwa fimbo iko mahali pake, tumia mdundo peke yake.