Jinsi ya kuangalia The Gruffalo na watoto wadogo

Anzeni na kitabu kwanza, kile cha Julia Donaldson cha 1999 chenye michoro ya Axel Scheffler, msomee mtoto taratibu na ukifika pale panya anapokutana na mbweha, bundi, nyoka, mwache aseme mwenyewe nini kinafuata. Kesho yake ndo muweke katuni ya 2009, haifiki hata nusu saa. Ikianza tu muulize, nani anasimulia? Ni mama kindi anawasimulia wanae wawili, kitabuni hayupo kabisa, mtoto akiligundua hilo mwenyewe raha sana! Taa msizime zote, lile dude lenyewe, Gruffalo, likitokea na macho yake ya rangi ya chungwa wadogo huwa wanaogopa, mpakate tu, usimwambie aache uoga.